Uraia Haufundishi Mieleka

Hadi katikati ya miaka ya sabini, kanuni za Chama cha Sumo cha Japani hazikudai waziwazi kwamba mkufunzi wa mchezo huo awe raia wa Japani. Hapakuwa na haja. Wakufunzi walitoka miongoni mwa wanamieleka waliostaafu, na hakuna aliyewazia kwamba siku moja mstaafu huyo angekuwa mtu wa ng'ambo. Mnamo Septemba 1976 mambo yakabadilika. Chama kiliamua kwamba asiye raia asiweze kuwa mzee wa chama. Na asiyekuwa mzee wa chama hawezi kufundisha. Wakati huo mgeni aliyefahamika kuliko wote katika sumo alikuwa Jesse Kuhaulua, mzaliwa wa kisiwa cha Maui huko Hawaii, aliyepigana kwa jina la Takamiyama. Alikuwa na umri wa miaka 32, umri ambao wanamieleka wengi huwa tayari wanafikiria maisha ya baadaye. Kanuni haikumtaja kwa jina, lakini ni vigumu kuamini kwamba ilimlenga mtu mwingine.

Makala haya yanashikilia kwamba kanuni hiyo, ambayo ingali inatumika, ilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza, na kwamba ushahidi mkubwa dhidi yake ni maisha ya mtu yule yule aliyelengwa nayo.

Kuhaulua aliwasili Japani mapema mwaka 1964, kijana wa miaka 19 asiyejua Kijapani. Shuleni alikuwa akicheza kandanda ya Kimarekani, na inasemekana kocha wake ndiye aliyemshauri ajaribu sumo ili aimarishe miguu yake, ambayo ilikuwa dhaifu kulinganisha na kiwiliwili chake kikubwa. Akachukuliwa na nyumba ya Takasago. Neno ‘nyumba’ hapa lisomwe kwa maana yake kamili. Wajapani huiita heya: ndimo wanamieleka wanamolala, wanamokula, wanamofanyia mazoezi na wanamotumikishana. Wa chini huamka alfajiri na kuingia ulingoni kwanza. Wakubwa huja baadaye. Wa chini hupika ule mchuzi mzito wa nyama, samaki na mboga uitwao chanko, kisha hungoja wakubwa washibe ndipo nao waguse chungu. Huwasugua wakubwa migongo bafuni. Mshahara hawana, kati ya madaraja sita ya sumo ni mawili ya juu tu yanayolipwa, na hayo kwa pamoja yana nafasi 70.

Mkuu wa nyumba huitwa oyakata, neno ambalo mzizi wake, oya, maana yake ni mzazi. Mke wake ndiye mama wa nyumba. Anayefikiri kwamba mkufunzi wa sumo ni kocha wa jioni mwenye filimbi shingoni hajaelewa jambo hili hata kidogo. Oyakata hupokea mtoto wa watu akiwa na miaka 15 au 16, humlisha, humpa jina jipya, humfundisha kusema, kukaa na kunyamaza, na miaka mingi baadaye ndiye anayekata mara ya mwisho lile fundo la nywele za utosini siku mwanamieleka anapostaafu. Ukufunzi huu una sura ya jando na ya chuo kwa pamoja.

Mzazi aliyempokea Kuhaulua alikuwa na kisa chake. Maedayama, aliyekuwa mkuu wa Takasago, alikuwa yokozuna, yaani mwenye cheo cha juu kabisa katika sumo. Mwaka 1949 alijitoa katika mashindano kwa sababu ya ugonjwa, kisha akaonekana akitazama mchezo wa besiboli wa timu iliyotoka Marekani, na picha yake akisalimiana na meneja wa Wamarekani hao ikachapishwa magazetini. Alilazimika kustaafu. Mtu aliyeupoteza utukufu wake kwa sababu ya besiboli ya Kimarekani ndiye, miaka 15 baadaye, aliyemfungulia mlango kijana Mmarekani. Historia haina haja ya kutungiwa kejeli. Mara nyingine hujitungia yenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana kwa wafuatiliaji wa mchezo huu. Takamiyama aliingia daraja la juu Januari 1968. Julai 1972 jijini Nagoya alishinda mapambano 13 na kupoteza mawili, akawa mgeni wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja hilo. Balozi wa Marekani alipanda ulingoni akasoma barua ya pongezi kutoka kwa Rais Nixon, kwa Kiingereza, mahali ambapo lugha hiyo haikuwa na mazoea ya kusikika. Alipanda hadi cheo cha sekiwake, cha tatu kutoka juu. Mara 12 aliwaangusha wenye cheo cha yokozuna akiwa yeye mwenyewe hana cheo kikubwa, ushindi ambao Wajapani huuita nyota ya dhahabu. Alishiriki mashindano 97 katika daraja la juu, na kwa muda mrefu wa safari hiyo hakukosa hata siku moja: mapambano 1,231 mfululizo. Pigo la kooni mazoezini lilimharibia sauti, akabaki akizungumza kwa mkwaruzo maisha yake yote. Alistaafu Mei 1984, akikaribia kutimiza miaka 40.

Takwimu hizi hazitajwi ili kumsifu tu. Zinatajwa ili msomaji apime: kufikia ile Septemba ya 1976, Kuhaulua alikuwa ameishi ndani ya nyumba ya Takasago kwa zaidi ya miaka 12. Alikuwa amepika, amesugua migongo, amepigwa, amejifunza lugha, ameshinda ubingwa. Chama kilitazama yote hayo kikasema hayatoshi, kikaomba karatasi.

Naye aliitoa. Mwaka 1980 alichukua uraia wa Japani, na kwa kuwa sheria ya nchi hiyo haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia pacha, aliukana uraia wa Marekani. Katika vitabu vya serikali Jesse Kuhaulua akawa Watanabe Daigoro. Mkenya atakumbuka hapa Stephen Cherono, ambaye mwaka 2003 aligeuka Saif Saaeed Shaheen na kuishindia Qatar dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia ya Paris. Visa hivi viwili hufananishwa bila uangalifu. Cherono alipewa uraia ili aingie katika timu ambayo hakuwa amewahi kuichezea. Kuhaulua alitakiwa kuununua kwa utaifa wake ule ambao mikono na koo lake vilikuwa vimekwisha kuulipia.

Watetezi wa kanuni wana hoja, na si hoja za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mzee wa chama si mwalimu tu; ni mwenye chama. Majina ya uzee ni 105 pekee, na hurithishwa kutoka mstaafu hadi mstaafu. Wazee hao ndio wanaopiga kura, wanaochagua wakurugenzi, wanaosimamia mashindano sita ya kila mwaka na fedha zake. Ya pili ni kwamba sumo imefungamana na ibada za Kishinto: chumvi inayorushwa, paa linaloning'inia juu ya ulingo kwa mfano wa hekalu, mwamuzi mwenye mavazi ya kale. Anayerithi uzee anarithi pia ulinzi wa mambo hayo. Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini: wageni ni wakubwa wa maumbo na wana njaa ya mafanikio, wakiachiwa ualimu pamoja na ulingo, mwenyeji atabaki mtazamaji nyumbani kwake.

Hoja ya kwanza ina uzito, lakini inahusu kura, si mafunzo. Chama kingeweza kutenganisha haki ya kupiga kura na haki ya kufundisha kama kingetaka. Hoja ya pili inajikanganya. Aliyebeba ibada hizo mwilini kwa miaka 20 anazijua kuliko raia wa kuzaliwa aliyeziona kwenye televisheni. Isitoshe, damu haikuwahi kuwa kigezo. Taiho, mshindi wa mataji 32 na mmoja wa mabingwa wakubwa kabisa wa karne ya ishirini, alizaliwa Sakhalin mwaka 1940, na baba yake alikuwa na asili ya Ukraine. Alihesabiwa Mjapani, na ni sawa. Alipostaafu chama kilimpa heshima ya kuwa mzee kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo mila haikutishwa na damu ya kigeni.

Hoja ya tatu ndiyo ya kweli zaidi, na ndiyo inayostahili kujibiwa kwa kazi aliyoifanya Kuhaulua baada ya kustaafu.

Mwaka 1986 alifungua nyumba yake mwenyewe, Azumazeki, akawa mzaliwa wa kwanza wa ng'ambo kuongoza heya. Miaka miwili baadaye alimleta kutoka Waimanalo, kisiwani Oahu, kijana aliyeitwa Chad Rowan. Kijana huyu alikuwa na zaidi ya mita mbili na miguu mirefu kama ya mchezaji wa mpira wa vikapu, jambo ambalo katika sumo ni mkosi: mtu mrefu huangushwa kwa kushikwa chini. Mwalimu alikuwa na tatizo lilo hilo enzi zake. Miguu ndiyo iliyomwangusha mara nyingi. Basi akamfundisha mwanafunzi kile alichokirithi Takasago, nyumba iliyosifika kwa kusukuma: mapigo ya viganja kifuani na kooni, moja baada ya jingine, mpinzani asipate nafasi ya kuufikia ubinda na kuushika. Akampa jina Akebono, maana yake mapambazuko.

Machi 1988, mwezi ule ule Akebono alipoanza, walianza pia Wakanohana na Takanohana, wana wawili wa bingwa wa zamani aliyependwa sana, vijana waliolelewa ndani ya heya. Kama kuna mahali ambapo nasaba ingepaswa kushinda, ni hapa. Kufikia Mei 1992 sumo haikuwa na yokozuna hata mmoja. Kiti kilikuwa kitupu. Januari 1993 kikakaliwa na Akebono, yokozuna wa 64 na mgeni wa kwanza kukifikia cheo hicho. Takanohana alimfuata mwishoni mwa 1994. Ushindani wao ulijaza kumbi na kuwafanya wote wawili wawe wakubwa kuliko ambavyo kila mmoja angekuwa peke yake. Mwaka 1998, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofunguliwa Nagano na Takanohana akiwa mgonjwa, aliyepiga mguu chini kuutakasa uwanja mbele ya ulimwengu, kwa niaba ya Japani, alikuwa mwanafunzi wa Kuhaulua. Mwenyeji hakubaki mtazamaji. Alipata mshindani wa kumwamsha.

Ni kweli pia kwamba mlango ulikuwa mzito. Kabla ya kuwa na nyumba yake Kuhaulua alikuwa amemsajili Konishiki, Mhawaii mwingine mwenye asili ya Kisamoa, aliyejiunga na Takasago mwaka 1982 na mwaka 1987 akawa mgeni wa kwanza kufikia ozeki, cheo cha pili. Konishiki alishinda ubingwa Novemba 1991 na Machi 1992, lakini hakupandishwa kuwa yokozuna, na mjadala ukafumuka kuhusu ubaguzi. Wapo waliosema wazi kwamba mgeni hawezi kuwa na hinkaku, yaani haiba inayodaiwa kwa cheo hicho. Haki itendeke hapa: mataji yake hayakufuatana, na kigezo cha kawaida ni mataji mawili mfululizo. Lakini haki itendeke pia upande wa pili. Mwaka 1986 Futahaguro, Mjapani, alipandishwa bila kuwa na taji hata moja, akaondoka kwenye sumo mwishoni mwa 1987 baada ya kugombana na mkufunzi wake mwenyewe. Baada ya fedheha hiyo ndipo vigezo vikakazwa, na miongoni mwa waliobanwa akawamo mgeni. Pengine haikuwa chuki. Aliyebanwa hana namna ya kujua.

Kuna jambo moja katika kanuni hizi ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita bila kusimama. Mwaka 2002 chama kiliweka kikomo cha mgeni mmoja kwa kila heya. Baadhi ya nyumba zikawa zinaufuata ushauri wa chama chenyewe: mgeni anachukua uraia, anakuwa Mjapani, nafasi ya mgeni inabaki wazi, anasajiliwa mwingine. Mwaka 2010 chama kikaziba mwanya huo. Tangu hapo anayehesabiwa mgeni ni aliyezaliwa nje, hata akiwa na uraia wa Japani. Msomaji aziweke kanuni mbili hizi bega kwa bega. Mwanamieleka anayetaka kufundisha huambiwa kwamba uraia ndio unaomfanya mtu kuwa Mjapani. Mwanamieleka huyo huyo, akiwa bado ulingoni, huambiwa kwamba uraia haumfanyi kuwa Mjapani. Neno moja limepewa maana mbili na mwenye kamusi ni mmoja. Penye utata wa namna hii, kwa kawaida si maana inayotafutwa. Hutafutwa mlango wa kufunga.

Wanafunzi wa Kiswahili wasione jambo hili kuwa la mbali. Swali la ‘Mswahili ni nani?’ limekaushia wino kalamu nyingi, na lina umbo lile lile: ni uzawa, ni ukoo, ni dini, ni pwani, au ni kuimudu lugha na kuishi ndani yake? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, kwa wazazi wenye asili ya Kiyao. Hakuna mwalimu anayedai cheti cha nasaba yake kabla ya kukisomesha Kusadikika. Hata hivyo katika kumbi zetu bado husikika swali la mtunzi katoka wapi likitangulia swali la shairi limetungwaje. Mbara akifundisha arudhi huchunguzwa kwa jicho ambalo mwenyeji wa Mvita halioni. Huo nao ni uraia, ingawa hauna karatasi.

Turejee Japani, maana kanuni huhukumiwa kwa matokeo. Kama uraia ungekuwa dhamana ya malezi mema, heya zingekuwa salama. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alifariki baada ya kupigwa na wenzake katika heya moja. Mkufunzi, Mjapani wa kuzaliwa, alishtakiwa na kufungwa gerezani. Upande wa pili yupo Hakuho, Mmongolia mwenye mataji 45, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuikaribia. Baba yake alikuwa shujaa wa mieleka nchini kwao, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1968. Hakuho alisita kwa miaka kabla ya kuchukua uraia wa Japani mwaka 2019, akastaafu mwaka 2021, akarithi heya ya Miyagino mwaka uliofuata. Mapema mwaka 2024 ilibainika kwamba mwanafunzi wake mmoja alikuwa akiwapiga wadogo na kwamba mkuu wa nyumba hakulishughulikia jambo hilo ipasavyo. Alishushwa cheo, nyumba yake ikafungwa na vijana wake wakahamishiwa Isegahama. Juni 2025 alijiuzulu kutoka chama. Waliomtaka awe Mjapani walimpata. Mlezi mwangalifu hawakumpata. Karatasi haikumsaidia yeye wala wale vijana.

Kitu ambacho kingewasaidia kinaweza kutajwa bila kupepesa: kigezo cha ukufunzi kiwe miaka iliyotumikiwa ulingoni, kipindi cha uangalizi chini ya mkufunzi mzoefu kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu, na ukaguzi wa heya unaofanywa na watu wasio wa heya hizo. Masharti hayo yangemchuja mbaya awe wa Tokyo au wa Ulaanbaatar. Kuhaulua angeyapita yote mwaka 1976 bila kubadilisha jina. Hapana shaka chama kitajibu kwamba sumo si ajira tu bali ni urithi wa taifa, na kwamba taifa lina haki ya kuuchagulia walinzi. Lina haki hiyo. Lakini taifa hilo hilo lilikwenda Hawaii na Mongolia kutafuta vijana wa kuujaza ulingo wakati watoto wake wenyewe walipokuwa wakiupenda zaidi mpira.

Kuhaulua alistaafu ukufunzi Juni 2009 alipotimiza miaka 65. Azumazeki ilirithiwa na mwanafunzi wake, kisha na mwingine, hadi ilipofungwa mwaka 2021 na wanamieleka wake kujiunga na Hakkaku. Akebono alifariki Aprili 2024, akiwa na miaka 54. Januari 2025 cheo cha yokozuna kilimwendea Hoshoryu, wa 74 katika orodha, kijana aliyezaliwa Ulaanbaatar mwaka 1999 na ambaye siku anapandishwa alikuwa bado raia wa Mongolia. Ana ruhusa ya kushinda mataji yote anayoyaweza. Akitaka kumfundisha mtoto mmoja baada ya hapo, ataanzia pale pale alipoanzia mtu wa Maui.